Taa Nne za Mama Mkwe

2 Novemba

Mama,

Shikamoo. Nilitaka kuanza kwa maneno yale ya kuomba barua ikukute u mzima kama ilivyoniacha mimi, lakini mwanao amechungulia begani kwangu akasema, "Mama hataki salamu ndefu, anataka habari." Basi habari ndiyo hii. Tumesikia transfoma ya mtaa wenu imeungua na hakuna anayejua mpya italetwa lini. Tumesikia pia kwamba jirani amepandisha ghorofa mpaka ukuta wake umeziba dirisha la karakana yako. Hatukusikia kwako. Tumesikia kwa watu.

Dereva wa basi atakukabidhi sanduku la rangi ya chungwa. Wenyewe huliita pawa stesheni. Ni betri kubwa ya kubeba mkononi, ina soketi kama za ukutani na kioo kidogo cha namba. Nimelijaza chaji mpaka asilimia mia. Kwenye boksi la pili kuna balbu nne za LED za wati tatu tatu, holda zake na ekstensheni. Chomeka ekstensheni kwenye sanduku, bonyeza kitufe cha AC mpaka taa ndogo ya kijani iwake, basi. Chaji ikishuka mpaka asilimia ishirini, mpelekee fundi saa wa mtaa wa pili, kule umeme upo. Nimeshaongea naye.

Kwenye boksi hilo hilo mwanao ameweka karatasi ya nyayo za mjukuu wako Chiriku, na ameandika kwa penseli mguu upi ndio mfupi. Daktari amepima upya: tofauti bado ni sentimita tatu.

Mama, nikueleze na hili. Kule chekechea wenzake walimpa jina la Moja-na-Nusu, kwa sababu ya mlio wa hatua zake. Hakutuambia, tulilisikia getini. Sasa darasa la kwanza linaanza tarehe 12 Januari, na juzi amekaa sakafuni akasema haendi bila viatu vya bibi. Unamjua mjukuu wako, akisema amesema.

Mimi mkweo,
fundi umeme


9 Novemba

Mkwe wangu,

Marahaba. Mzigo umefika. Sanduku zuri, halina moshi wala kelele, na taa yake inanionyesha tundu la sindano bila kukunja uso. Nimeiwasha vile vile ulivyoeleza. Inawaka vizuri kabisa. Sina la kuongeza hapo.

Nimefunga balbu moja. Nne za nini, karakana yangu imekuwa ukumbi wa harusi? Tatu nimeziweka kabatini, zingoje zamu yao. Simu nayo sitaichaji. Ilikufa siku transfoma ilipolia, na mimi sikuvaa nyeusi. Chaji ya sanduku ni ya viatu, si ya umbea. Halafu mkwe hapigiwi simu. Simu humfanya mtu aseme kabla hajafikiri, na baina ya mtu na mkwewe jambo hilo halifai. Tuandikiane.

Ngozi nimeshachagua, laini, ya ndama, nyeusi. Kwenye soli nitapandisha raba nyepesi tabaka kwa tabaka, na ubavuni nitaifunika kwa ngozi ile ile, kiasi kwamba anayetaka kujua kiatu kipi kimeinuliwa itabidi apige magoti. Mwambie huyo mke mwenzangu kwamba bibi yake anatengeneza viatu vya miguu isiyolingana mwaka wa thelathini na nane huu, na hajawahi kukosea mguu hata mmoja. Mwaka hautaisha kabla sijamaliza.

Mama mkweo,
fundi viatu


15 Novemba

Mama,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma kwa sauti mezani, na Chiriku akaomba irudiwe pale penye kupiga magoti. Ameagiza kamba ziwe nyekundu. Nilimwambia fundi haamrishwi, akanijibu kwamba bibi si fundi, ni bibi.

Nafurahi taa inawaka. Ukipata nafasi, naomba uniandikie namba mbili zilizo kwenye kioo: asilimia ya chaji iliyobaki, na wati zinazotoka. Sina wasiwasi wowote, ni ugonjwa wa kazi tu. Huku tunaweka nyaya kwenye hospitali mpya, vyumba mia na kumi, na kila jioni siwezi kula kabla sijaandika namba za siku.

Mkweo


22 Novemba

Mkwe wangu,

Marahaba. Namba hizo hapo, na ukae kwanza kabla hujazisoma.

Chaji: asilimia tisini na tatu. Wiki mbili nzima! Kila siku nafanya kazi saa nne asubuhi mpaka saa nane mchana katika chumba kisicho na dirisha, na limekula asilimia saba tu. Wati zinazotoka: sifuri. Nimefuta kioo kwa kitambaa nikadhani ni vumbi, bado sifuri. Taa inawaka, mimi nashona, na sanduku linasema halijatoa kitu. Marehemu baba mkweo angekula kidogo namna hii, leo ningekuwa na nyumba mbili.

Nakusifu, mkwe. Mwanangu alipokuleta nilisema moyoni, huyu mwembamba hivi ataweza kubeba ngazi kweli? Nayarudisha maneno yangu.

Kiatu kimoja kimeshasimama kwenye kalibu yake ya mti. Kile cha kuinuliwa ndicho nilichoanza nacho, maana ndicho kigumu. Kamba nyekundu zipo.

Mama mkweo


27 Novemba

Mama,

Shikamoo. Barua hii nimeichana mara tatu. Mwanao amesema nisipoituma leo ataituma yeye, na yeye ana mdomo usio na breki, kwa hiyo bora niandike mimi.

Asante kwa sifa. Ila sanduku lile likijaa lina umeme wa kuwasha wati mia tatu kwa saa moja, halizidi hapo. Taa ya wati tatu, saa nne kwa siku, siku kumi na nne: hiyo ni mia moja sitini na nane. Sanduku lenyewe nalo linakula lake kila saa linapokuwa limewashwa, tena linakula kuliko hiyo taa. Kufikia siku uliyosoma namba, Mama, lilitakiwa liwe limeshazimika na limeshapelekwa kwa fundi saa. Asilimia tisini na tatu ni chaji ya sanduku lililowaka dakika chache kwa siku.

Sisemi kwamba hukuniambia kweli. Nitoe wapi kinywa cha kusema hivyo? Nasema kosa linaweza kuwa langu, na nilikuficha. Sanduku lile si jipya. Betri yake ya kwanza ilichoka, nikalifungua mwenyewe nikaweka nyingine. Nililijaribu siku mbili, likafanya kazi, nikakutumia. Kama linazima, basi kuna mahali sikukaza vizuri, na wewe unakaa gizani unanisitiri. Naomba uniambie tu. Nikiambiwa nitaweza kulitengeneza.

Unatumia mwanga gani kushona?

Mkweo


3 Desemba

Mkwe wangu,

Marahaba. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Mimi nimeshazaa, na niliyemzaa unaye wewe, kwa hiyo acha niseme.

Sanduku nililiangusha. Siku ile ile lilipofika, hata taa haijawashwa. Nililiweka juu ya benchi, nikageuka kuchukua ekstensheni, kiwiko kikalisukuma, nalo likaanguka kama mtu mzima, puu, kwa kitako. Kona moja ilikwaruzika. Nimeifunika kwa rangi ya viatu, kahawia na njano kidogo, na ukitazama kwa mbali huoni kitu. Fundi wa kuficha mikwaruzo ni mimi, sikuweza kujizuia.

Tangu siku hiyo linawaka dakika kumi, linazima. Nikilibonyeza linarudi, dakika kumi, linazima tena. Nikasema hili limeumia ndani, nikilibonyezabonyeza nitalimaliza kabisa. Kwa hiyo nalipa dakika zake kumi kila asubuhi, naliacha lipumzike kama mgonjwa, naendelea na kandili. Ningekuandikia nini? Mkwe katoa sanduku lake kwa mapenzi, nami nimeliangusha hata saa moja halijamaliza nyumbani kwangu? Niliona aibu. Kwenye mambo ya aibu mimi si hodari kama kwenye ngozi.

Nawe unaniambia kosa ni lako! Tungeendelea hivi mpaka mtoto aolewe.

Sasa sikia kituko, labda kitakusaidia. Msusi wa mlango wa pili alikuja Jumatatu ya wiki iliyopita akaomba kuchaji simu yake. Jirani humnyimi. Akachomeka, akakaa, akanisimulia habari za wateja wake wote, na sanduku halikuzima. Saa nzima na nusu! Alipochomoa simu akaondoka, haikupita muda likazima. Alhamisi akarudi, ikawa vile vile. Kwa hiyo lina adabu, mbele ya wageni halizimi. Nikibaki peke yangu ndipo linaponichoka.

Viatu usivihofie. Cha kuinuliwa kimekwisha, na cha pili kimefika nusu. Kandili inatosha mkono unaoijua kazi.

Mama mkweo


7 Desemba

Mama,

Shikamoo, na naomba radhi mapema kwa sababu nimecheka. Nimecheka mpaka fundi bomba akatoka chumba cha kumi na nne kuja kuuliza nani amepigwa na umeme.

Hukuliua sanduku, na mimi sikuliharibu. Ni zima. Limetengenezwa hivi: likiona umeme unaotoka ni mdogo mno, linadhani mtu amesahau kulizima akaondoka. Linangoja dakika kumi, halafu linajizima ili kulinda betri. Balbu yako moja ya wati tatu ni ndogo kiasi kwamba halikuiona kabisa. Ndiyo ile sifuri uliyoisoma. Kwa sanduku, humo karakanani hamkuwa na mtu. Msusi alipochomeka simu, likaona kumbe watu wapo, likabaki macho. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Kosa langu ni moja tu. Nimefunga taa za hospitali nzima, na haikunijia akilini kwamba mama mkwe wangu akipewa taa nne atawasha moja.

Kuna kitufe cha kulizuia lisijizime, lakini lazima ukishikilie huku unahesabu, na najua sasa unaviogopa vitufe vyake. Njia nyepesi ni hii: toa zile tatu kabatini. Zikiwaka zote nne ni wati kumi na mbili, na hizo litaziona. Ndiyo, chaji itashuka. Iache ishuke, Mama, ndiyo kazi yake. Kwa saa zako nne utapata siku tatu au nne, halafu fundi saa atalijaza.

Hii ndiyo mashine pekee ninayoijua ambayo ukiibania inakunyima.

Mkweo


12 Desemba

Mkwe wangu,

Marahaba.

Nimewasha zote nne. Moja juu ya benchi, moja juu ya cherehani, moja kwenye rafu ya kalibu, moja mlangoni. Nikakaa nikakikodolea kioo macho. Dakika kumi zikapita. Ishirini. Wati kumi na mbili, imeandikwa. Halikuzima. Nikaliambia, haya, mimi ndiye mwenye nyumba, sasa umeniona.

Tangu ule ukuta ujengwe sikuwahi kukiona chumba changu chote kwa pamoja. Nimepata sindano tatu sakafuni, hereni niliyomsingizia msusi, na buibui mwenye ukoo mzima juu ya mlango. Nilifurahi, nakuambia kweli. Nikafagia, nikapanga zana, nikavileta viatu vya mtoto kwenye mwanga nivitazame pamoja na karatasi yake.

Mkwe, nimekosea mguu.

Karatasi ile ni nyembamba na wino umepenya mpaka nyuma. Kwa kandili niliitazama upande wa nyuma, nikaufuata ule wayo mdogo wa mguu mfupi, na ukiigeuza hivyo wa kulia unakuwa wa kushoto. Penseli ya mwanangu nilidhani ni uchafu wa vidole. Leo chini ya taa nne nimeigeuza, imeandikwa wazi kabisa: KULIA. Mimi nimeinua kiatu cha kushoto. Sentimita tatu kamili, mshono hauna kasoro, ubavu umefunikwa kama nilivyojigamba. Kazi nzuri ya mguu mwingine.

Utauliza, bibi gani asiyejua mguu wa mjukuu wake? Nami nimejiuliza nikiwa nimekaa chini. Kila anapofika hapa hushuka garini akanikimbilia. Siku zote namwona kwa mbele, anakuja. Ule mguu mfupi umekaa machoni mwangu upande wa mkono wangu wa kushoto, miaka yote sita. Karatasi iliponiambia kushoto, macho yakasema ndiyo, tunaujua.

Kikiinuliwa cha kushoto na wa kulia ukabaki mfupi, angetembea vibaya kuliko bila viatu. Angetembea hivyo mbele ya wale wale waliompa jina. Na angevivaa, kwa sababu vimetoka kwangu.

Miaka thelathini na minane. Nimeumia.

Mama mkweo


16 Desemba

Mama,

Shikamoo. Pole sana. Ndani ya bahasha hii kuna kipande cha boksi gumu. Nimezichora nyayo zake mwenyewe, nimeandika KULIA kwa kalamu nene, na upande wa nyuma nimeupaka rangi nyeusi wote, usisomeke hata na mchawi.

Mwanao analia kwamba kosa ni lake la kuandika kwa penseli. Mimi nasema ni langu, ningekuuliza ile habari ya mwanga wiki ya kwanza, usingefika huko. Chiriku hatujamwambia.

Tumezungumza, tukaona tusikubebeshe mzigo. Zimebaki siku chache, na viatu hivi vinaanza upya kuanzia ngozi. Unaweza kuvileta hata Machi. Tutamwombea shuleni achelewe kuanza, au nitamshawishi aende na vile vya zamani. Amezoea kuchechemea, Mama. Tusiugeuze huu kuwa msiba.

Mkweo


19 Desemba

Mkwe wangu,

Nyumbani kwenu kila mtu anagombania kosa langu. Liacheni, ni langu.

Hilo neno la kwamba mtoto amezoea kuchechemea usiliandike tena. Hakuna anayezoea. Wanakaa kimya tu. Watu wanaingia karakanani kwangu wamekaa kimya miaka ishirini, wakivaa kiatu mara ya kwanza wanalia.

Na usinipe likizo ambayo sikuomba. Ngozi nimeikata jana. Ile jozi ya makosa nimeitundika ukutani juu ya benchi, mahali taa ya kwanza inapopiga, niione kila ninaponyanyua kichwa. Chaji asilimia arobaini na nne, kesho inaenda kwa fundi saa. Kumbe kuiona ikishuka si vibaya, najua kazi inafanyika. Msusi anachaji simu yake kila siku, na ile yangu nayo nimeichaji. Usinipigie.

Tarehe 12 ni tarehe 12.

Fundi viatu


6 Januari

Mkwe,

Boksi hili lifunguliwe na mtoto mwenyewe. Ndani kuna jozi moja, kamba nyekundu. Nimepima mara saba mchana mweupe, mara saba kwa taa nne, na mara moja nimemwita msusi asome KULIA kwa sauti.

Mara ya kwanza asitembezwe kama farasi mnadani. Mwacheni ndani, mlango ufungwe, avizoee peke yake. Anayevaa ndiye atakayetuambia. Nami nangoja.

Mama mkweo


13 Januari

Mama,

Shikamoo. Jana shule ilifunguliwa.

Boksi lilifika Ijumaa. Chiriku alilifungua, akavitazama viatu bila kuvigusa, akapiga magoti pembeni, akasema, "Sioni kipi." Akarudia, "Mama, sioni kipi." Halafu akavikumbatia akaingia navyo chumbani na mama yake, wakafunga mlango kama ulivyoagiza. Hakutoka Ijumaa. Jumamosi alivivaa humo humo, na kila tulipobisha alijibu, "Bado."

Jumapili mchana nilikuwa sebuleni nimechuchumaa, natengeneza soketi, mgongo umeelekea mlangoni. Nikasikia mtu anakuja kwenye korido. Korido yetu ni ya saruji, hatua zinasikika zote. Hatua nyepesi, za kulingana, tak, tak, tak. Nikajua ni mgeni, labda mtoto wa jirani. Bila kugeuka nikasema, "Karibu, pita ndani!"

Nikageuka.

Alikuwa yeye, Mama. Amesimama wima, mabega yamelingana. Akaniuliza, "Baba, unanikaribisha kwetu?"

Miaka sita namjua mwanangu kwa mlio wake. Nikiwa juu ya ngazi, nikiwa bafuni, najua ni yeye na najua yuko hatua ngapi kutoka mlangoni. Sikumtambua. Nikalia pale pale, bisibisi mkononi, naye akanifuta machozi kwa kiganja akasema nisilowanishe viatu vyake.

Jana asubuhi nilimpeleka mpaka getini. Kuna njia ya zege kutoka getini hadi madarasani, na watoto walikuwa wanaingia kwa mafungu. Hakutaka kushikwa mkono. Aliponiacha nilifumba macho nimsikilize, kama nilivyofanya siku zote kule chekechea, niusikie ule mlio mpaka uishe. Nilisikia hatua nyingi sana. Nilitega sikio kwa makini, Mama, nikitafuta iliyo yake, sikuipata. Ilikuwa imechanganyika na za wenzake.

Jioni tukamuuliza wamemwitaje shuleni. Akashangaa swali. Akasema wamemwita jina lake.

Sanduku usilirudishe. Mwanao anakusalimu, na Chiriku anasema safari ijayo akishuka garini hatakukimbilia. Atatembea polepole ili uone, kisha atageuka akupite, umtazame na kwa nyuma.

Mkweo,
fundi umeme